Neno Linaanzia Wapi? Ruwaza za Kompyuta na Kiswahili cha Kolwezi

1.0 Utangulizi

Mwaka 2014 mkazi mmoja wa mtaa wa Kasulo, mjini Kolwezi, alikuwa akichimba katika kiwanja chake alipokuta mawe yenye kobalti. Habari zilienea upesi, na haukupita muda mashimo yakawa yamechimbwa viwanjani, uani na hata ndani ya nyumba. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa huo ilizungushiwa ukuta, familia nyingi zikahamishwa, na uchimbaji uliofanywa ndani ya ukuta ukawekwa chini ya kampuni ya Congo Dongfang Mining, ambayo ni tanzu ya Huayou ya China. Mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha uchunguzi ulioonyesha kuwa wakazi wa Kasulo, na hasa watoto, walikuwa na kobalti nyingi zaidi mwilini kuliko watu wa eneo jingine lililolinganishwa nalo.

Kobalti iliyomo mwilini hupimwa na kuandikwa kwa tarakimu. Maneno ya waliohamishwa hayapimwi hivyo. Hayo husimuliwa kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha Kolwezi, na siku hizi aghalabu hurekodiwa, huandikwa na kuhifadhiwa katika kompyuta. Hapo ndipo linapozuka swali la makala hii: je, mashine inayopewa maneno hayo huyasomaje? Inajuaje neno linaanzia wapi, linaishia wapi, na limeundwa na viungo gani?

Jibu la kwanza ambalo mwanagenzi wa uandishi wa programu hufundishwa ni ruwaza. Ruwaza ni kanuni fupi ya herufi na alama inayoieleza kompyuta umbo la neno linalotafutwa, badala ya kuitajia neno lenyewe. Watu wa kompyuta huiita rejeksi. Makala hii inakusudia kueleza kwa ufupi historia ya chombo hicho, jinsi kilivyofika katika uchanganuzi wa Kiswahili, na yale yanayotokea kinapokutana na Kiswahili cha Katanga. Hoja yake ni kwamba kila ruwaza ni dai kuhusu neno ni nini, na kwamba dai hilo halina budi kupimwa kwa sikio la msemaji kabla ya kuaminiwa.

2.0 Chimbuko la ruwaza

Ruwaza hazikubuniwa kwa ajili ya kusoma matini. Mwaka 1943 Warren McCulloch na Walter Pitts walieleza kwa mantiki jinsi neva za ubongo zinavyoweza kufanya kazi kama mtandao wa swichi zinazowashwa na kuzimwa. Mwanahisabati wa Marekani, Stephen Kleene, aliichunguza nadharia hiyo mwaka 1951, na katika makala iliyochapishwa mwaka 1956 alitoa njia fupi ya kuandika mifuatano yote ambayo mtandao wa namna hiyo unaweza kuitambua. Alama ya kinyota, inayoonyesha kitu kinachoweza kurudiwa mara nyingi au kutokuwapo kabisa, inaitwa kwa jina lake hadi leo.

Mwaka 1968 Ken Thompson alionyesha namna ya kuzigeuza kanuni za Kleene kuwa programu inayotafuta maneno katika matini kwa haraka. Mwaka 1973 programu ya grep ilikuwa tayari katika mfumo wa Unix, na tangu hapo hata asiyejua hisabati aliweza kuandika ruwaza ya herufi chache na kupekua kurasa maelfu.

Wanaisimu nao hawakubaki nyuma. Mwaka 1972 C. Douglas Johnson alionyesha kwamba kanuni nyingi za fonolojia zinaweza kuelezwa kwa mashine za aina hiyo hiyo. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi wa Helsinki alitoa nadharia ya mofolojia ya ngazi mbili, ambamo umbo la neno linaloonekana na viungo vyake vya ndani husomwa sambamba. Kifini hupachika viambishi vingi kwenye mzizi mmoja, na katika hilo kinafanana na Kiswahili, ingawa lugha hizi mbili hazina nasaba. Si ajabu basi kwamba Arvi Hurskainen, wa Helsinki vilevile, ndiye aliyeuhamishia utaratibu huo kwenye Kiswahili. Kazi yake ilianza mwaka 1985, na mwaka 1992 aliieleza katika toleo la kwanza la jarida la masomo ya Afrika la nchi za Nordiki. Mfumo uliotokana na kazi hiyo unaitwa SALAMA. Mwaka 2006 Guy De Pauw, Gilles-Maurice de Schryver na Peter Waiganjo Wagacha waliutumia mkusanyo wa matini wa Helsinki kuifundisha mashine kutambua aina za maneno ya Kiswahili.

Inafaa kuzingatia kwamba matini zilizounda mkusanyo huo zilitoka hasa katika magazeti na vitabu. Kwa hiyo Kiswahili kilichotangulia kuingia katika mashine ni kile kilichokwisha kupita mikononi mwa wahariri.

3.0 Somo la kwanza la mwanagenzi

Mwanagenzi aliyesoma sarufi ya shuleni huona kwamba kitenzi cha Kiswahili kimepangika vizuri kiasi cha kuweza kuandikiwa ruwaza mara moja. Huanza na kiambishi cha nafsi, hufuata kiambishi cha njeo, kisha mzizi, na mwishoni irabu. Basi huandika hivi:

^(ni|u|a|tu|m|wa)(na|li|ta|me)[a-z]+a$

Kistari kilichosimama kina maana ya «au». Mabano yanakusanya viambishi vya nafasi moja. Herufi zilizo katika mabano ya mraba, zikifuatwa na alama ya kujumlisha, ni mzizi wowote wenye herufi moja au zaidi. Alama ya kwanza na ya mwisho zinaonyesha mwanzo na mwisho wa neno. Ruwaza hii inanasa «wanasema», «tulifika» na «nitaandika», na mwanagenzi hufurahi.

Furaha hiyo haidumu. Ruwaza hiyo hiyo inanasa «mlima», ikidhani ni m-li-m-a. Inanasa «mnara» kama m-na-r-a, na «mtama» kama m-ta-m-a. Nomino tatu zimegeuzwa vitenzi ambavyo havijapata kuwapo. Kwa upande mwingine inaliacha neno «walijibu», kwa kuwa vitenzi vyenye asili ya Kiarabu haviishii kwa irabu a, na inaliacha «hawakusema», kwa kuwa ukanushi haumo. Neno «aliyesema» inalinasa, lakini mzizi inaoutoa ni «yesem», ambao haumo katika kamusi yoyote.

Neno lenye mafunzo zaidi ni «utawala». Ruwaza inalikata u-ta-wal-a, nalo ni kosa. Mwanagenzi akiongeza nafasi ya yambwa, mashine italikata u-ta-wa-l-a, nalo si kosa: ni kitenzi kamili chenye maana kwamba anayeambiwa atawala watu fulani. Herufi ni zile zile saba, na hakuna ruwaza inayoweza kuamua kama mwandishi alikusudia serikali au ulaji. Maneno yaliyo jirani tu ndiyo yanayoweza kuamua, na mara nyingine hata hayo hayatoshi.

Kutokana na mifano hiyo yanaonekana makosa ya aina mbili. La kwanza ni kosa la ukimya, mashine inapoliacha neno iliyopaswa kulitambua. La pili ni kosa la kujiamini, mashine inapolikata neno kwa njia isiyo yake bila kuonyesha shaka yoyote. Kosa la kwanza huonekana upesi kwa sababu neno hubaki bila jibu. La pili hujificha, na ndilo la kuogopwa zaidi.

4.0 Kiswahili cha Katanga

Kiswahili kilifika Katanga katika karne ya 19 kwa njia ya misafara ya biashara, na kwa Wayeke wa Msiri waliotoka Unyamwezi na kuweka makao yao Bunkeya. Hata hivyo, kilichokifanya kuwa lugha ya miji ni migodi. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, ulianzishwa mwaka 1910, na Kolwezi ulianza kujengwa mwaka 1937. Wafanyakazi waliletwa kutoka kwa Waluba, Walunda, Wabemba na wengineo, na kutoka Kasai na Rwanda. Wengi wao hawakuwa na Kiswahili kama lugha ya mama. Walikichukua na kukiunda upya kwa matamshi na viambishi vya lugha zao, na watoto waliozaliwa katika kambi za wafanyakazi wakakipokea kama lugha yao wenyewe. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na utawala wa kikoloni, ameonyesha kwamba serikali ya Wabelgiji na makampuni walikuwa na sababu zao za kukieneza Kiswahili katika jimbo hilo.

Kwa muda mrefu lugha hiyo ilidharauliwa kama Kiswahili kilichoharibika. Wanaisimu walianza kuiangalia kwa macho mengine baadaye: Edgar Polomé alichapisha maelezo yake juu ya Kiswahili cha Lubumbashi mwaka 1968, na Walter Schicho akafuatia kwa uchunguzi wa kina. Baadhi ya tabia zake zinajulikana vizuri. Mahali pa wa- ya watu husikika ba-, hata «wanasema» likawa «banasema» na «watoto» likawa «batoto». Kiambishi m- hutamkwa mu-, kama katika «mutoto». Udogo huonyeshwa kwa ka- na tu-, kama katika «katoto» na «tutoto». Mahali huonyeshwa kwa mu na ku mbele ya nomino, pasipo -ni nyuma yake. Tena mwishoni mwa kitenzi huweza kupachikwa -ak-, kinachodokeza jambo la mazoea au la muda mrefu uliopita: «tulikuwaka».

Mwanagenzi wa Kolwezi akiielekeza ruwaza ya shuleni kwenye maneno ya nyumbani kwao, «banasema» litaachwa. Hilo ni kosa la ukimya, na tiba yake ni nyepesi: ba huongezwa katika orodha ya viambishi. Kadhalika ruwaza mu?toto, ambamo alama ya kuuliza inaifanya herufi iliyotangulia iweze kuwapo au kukosekana, hunasa «mtoto» na «mutoto» pamoja. Lakini kila tiba ina gharama yake. Mara tu ba inapoongezwa, «batata» husomwa ba-ta-t-a, nacho chakula kikawa kitenzi cha wakati ujao.

Jambo zito zaidi ni «tulikuwaka». Mchanganuzi wa Kiswahili sanifu, mwenye nafasi ya yambwa na mwenye kamusi, haliachi neno hili. Hulikata tu-li-ku-wak-a, hukuta kwamba «waka» ni kitenzi halali cha moto na taa, na hupita. Maneno yenye maana ya «tulikuwa tukiishi hivyo kwa miaka» yamegeuka kuwa habari ya kuwaka. Mashine haikuona kosa, maana kwa kanuni ilizopewa hakuna kosa.

5.0 Nafasi kati ya maneno

Yote yaliyosemwa hadi hapa yanachukulia kwamba inajulikana neno linaanzia na kuishia wapi. Ruwaza huanza kazi yake pale penye nafasi tupu, lakini nafasi hiyo si maumbile. Ni uamuzi wa waandishi. Hata Kiswahili sanifu kinashuhudia hivyo. Katika vitabu vya zamani huonekana «cho chote» na «ye yote» yakiandikwa mbalimbali, na katika vitabu vya sasa «chochote» na «yeyote» huandikwa pamoja. Ruwaza inayotafuta umbo moja hulikosa jingine, na mwanagenzi hujifunza kuandika cho ?chote, ambamo nafasi yenyewe inaweza kuwapo au kukosekana.

Katanga imetoa mfano mkubwa wa jambo hili. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani, alikusanya historia ya mji wa Elisabethville na kuipa jina la Kifaransa lenye maana ya msamiati wa mji huo. Ni historia ya mji iliyoandikwa na wale waliowapikia na kuwafulia mabwana wake. Maandishi hayo yalipigwa taipu bila utaratibu thabiti wa nukta na mikato, na nafasi kati ya maneno haifuati desturi ya shule yoyote. Mara viungo vya neno moja vimetenganishwa, mara maneno mawili yameunganishwa.

Ugumu wake unaonekana kwa mfano wa kubuni. Iwapo mwandishi wa namna hiyo ameandika «nabana», msomaji wa pwani ataona kitenzi kinachosema kwamba mtu anabana kitu. Mtu wa Katanga anaweza kusikia maneno mawili, «na bana», yaani na wana. Mashine haina njia ya kuchagua, maana herufi hazikusema.

Fabian alipoyashughulikia maandishi ya Yav hakuanza kwa kuyakata. Kalundi Mango, mwenyeji wa lugha hiyo, aliyasoma kwa sauti mbele ya kinasa sauti. Pumzi, mkazo na kituo cha sauti ndivyo vilivyoonyesha maneno yalipoachana. Kitabu kilichotokea mwaka 1990 kiliyaweka maandishi ya asili, matini iliyopatikana kwa kusoma kwa sauti, na tafsiri, pamoja na maelezo ya kiisimu ya Schicho. Maandishi ya asili hayakusahihishwa. Yaliachwa yalivyo, na usomaji ukawekwa kando yake, hata anayekuja baadaye aweze kuupinga.

Njia hiyo haikuwa ngeni kwa Kolwezi. Mwaka 1966 na 1967 Fabian alikuwa amefanya utafiti katika kambi ya Musonoi ya mji huo, kuhusu Jamaa, vuguvugu la Kikatoliki lililoasisiwa na padre Placide Tempels. Kiini cha utafiti wake kilikuwa mafundisho yaliyosemwa kwa Kiswahili cha huko, si maandishi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 matini nyingi za Kiswahili cha Katanga, pamoja na ya Yav, zimewekwa katika hifadhi ya elektroniki iliyoanzishwa na Fabian na Vincent de Rooij huko Amsterdam. Kwa hiyo mwanagenzi wa leo anayo matini ya kujifunzia iliyotoka katika lugha yake.

6.0 Kasulo mbele ya mashine

Mwanagenzi anayepewa ushuhuda wa watu wa Kasulo ana njia tatu. Ya kwanza ni kuisafisha matini ili ilingane na ruwaza. Amri moja tu inatosha kugeuza kila ba ya mwanzo wa neno kuwa wa. Tokeo lake ni kwamba «banasema» linakuwa «wanasema», lakini «barua» inakuwa «warua», «bahari» inakuwa «wahari», na «baba» anakuwa «waba». Makosa hayo angalau yanachekesha, hivyo huonekana. Lisiloonekana ni -ak- inayofutwa ili «tulikuwaka» liwe «tulikuwa».

Njia ya pili ni kutupa kila mstari usiotambulika. Idadi ya maneno yaliyochanganuliwa itapendeza, kwa kuwa yaliyoshindikana hayahesabiwi tena. Hata hivyo, wanaotupwa kwanza kwa njia hiyo ni wale wasiochanganya Kiswahili chao na cha shule, yaani wazee, wachimbaji, na wanawake ambao hawakupata kukaa darasani muda mrefu. Ushuhuda wao hupotea bila mtu yeyote kukusudia kuunyamazisha.

Njia ya tatu ni ile ya Kalundi Mango. Mstari wa asili hauguswi. Uchanganuzi huandikwa kando yake, na neno lenye mikato miwili huachiwa mikato yote miwili. Neno lisilotambulika huwekewa alama na kupelekwa kwa msemaji ili alisome kwa sauti. Ruwaza hurekebishwa baada ya hapo, na si matini. Kazi huenda polepole zaidi, lakini kila hatua yake inaweza kukaguliwa.

Anayesema «tulikuwaka mu Kasulo» hasemi tu kwamba alipata kuwapo mahali hapo. Kwa silabi moja ametaja ukaazi wa muda mrefu. Katika madai ya ardhi na ya fidia, tofauti kati ya aliyepita na aliyekaa si jambo dogo. Mashine iliyofundishwa kuifuta silabi hiyo kama kosa la tahajia imeingilia kati ya shahidi na msikilizaji wake.

7.0 Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa inaonyesha kwamba ruwaza ni chombo chepesi na chenye nguvu, na kwamba udhaifu wake hautokani na hisabati ya Kleene wala na programu ya Thompson. Unatokana na orodha ya viambishi ambayo mtu fulani, mahali fulani, aliiona kuwa inatosha. Orodha hiyo ikiwa ya pwani na ya magazeti, Kolwezi itakuwa kosa.

Kongo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani, na kobalti hutumika katika betri za kompyuta zinazobebwa na za simu. Mashine nyingi zinazosoma Kiswahili zinaendeshwa kwa madini ya nchi ambayo usemi wa watu wake bado unazishinda. Kurekebisha hali hiyo hakuhitaji mtambo mpya. Kunahitaji wanagenzi wa Kolwezi na Lubumbashi wafundishwe ruwaza kwa mifano ya lugha yao tangu somo la kwanza, «batoto» na «watoto» zikiandikwa ubaoni bega kwa bega, na wazoezwe kumuuliza msemaji pale herufi zinaponyamaza. Ndipo «tulikuwaka» litakapokatwa mahali pake.